Mundu wa Mashine kwa Trekta Dogo la Zamani

Maneno ya mazungumzo juu ya namna ya kuutafuta, kuutengeneza na kuufunga mundu wa mashine katika matrekta madogo ya bustani ya Marekani

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Maana yake ni kwamba kitu kipya hupendeza macho hata kama kina madhara ndani yake. Lakini katika nchi ya Marekani wako watu wengi walioikataa mithali hiyo kwa vitendo. Watu hao huyatoa vibandani na vichakani matrekta madogo ya bustani yaliyotengenezwa katika miaka ya 1950 na 1960, wakayaondoa kutu, wakayatia mafuta, na kuyarudisha kazini.

Hawafanyi hivyo kwa kujifurahisha tu. Mtu mwenye ekari mbili au tatu za majani, pamoja na mbuzi wachache au ng'ombe mmoja, hana haja ya trekta kubwa wala hana fedha za kulinunua. Naye akifyeka kwa mkono, huenda mvua ikamkuta kabla hajamaliza, na majani yaliyokatwa yakaoza chini. Wakati wa baridi kali, theluji inapofunika nchi, wanyama wake hawana kitu cha kula ila kile alichokiweka akiba. Kwa mtu wa namna hiyo, trekta dogo la zamani ni msaada mkubwa, maadamu lina chombo kinachofaa kukata majani marefu. Chombo hicho ndicho mundu wa mashine, nao ndio jambo la mazungumzo haya.

KWA NINI MUNDU

Matrekta mengi ya bustani huuzwa yakiwa na panga la kuzunguka, lililofichwa chini ya kifuniko cha bati. Panga hilo lafaa sana kwa uwanja wa nyumba, ambako majani ni mafupi na hukatwa kila juma. Lakini likipelekwa penye majani yanayofika kiunoni, mambo mawili hutokea. Kwanza, majani hujaa chini ya bati na kuikaba injini. Pili, yale yanayokatwa hukatwa tena na tena hata yakawa kama makapi, wala mtu hawezi kuyakusanya kwa reki na kuyaweka akiba.

Mundu wa mashine hufanya kazi kwa njia nyingine. Hukata bua mara moja tu, karibu na ardhi, na kulilaza zima juu ya shina lake. Majani hulala safu safu, jua na upepo huyapata vizuri, nayo hukauka yakiwa na urefu wake wote. Tena kazi hii haihitaji nguvu nyingi. Trekta la Cub Cadet la kwanza, ambalo injini yake ya Kohler ilikuwa na nguvu za farasi 7 tu, laweza kuendesha mundu wenye urefu wa futi tatu na zaidi bila kuhema.

ASILI YA CHOMBO HIKI

Mundu wa mashine haukuanza na matrekta. Mwaka 1831 Bwana Cyrus McCormick aliijaribu mashine yake ya kuvunia ngano huko Virginia, ikivutwa na farasi. Mwaka 1833 Bwana Obed Hussey alipewa na serikali hati ya kumlinda mvumbuzi kwa mashine yake mwenyewe, na McCormick akapata hati yake mwaka 1834. Watu hawa wawili walishindana kwa miaka mingi. Lakini namna ya kukata iliyoshinda mwishoni ni ile ya Hussey: meno ya pembe tatu yanayokwenda huku na huku kwa haraka katikati ya vidole vya chuma vilivyopasuliwa. Mtu akiutazama mundu wa trekta leo, ataiona namna ile ile.

Mwaka 1902 kampuni ya McCormick iliungana na nyingine ikawa International Harvester, na kampuni hiyo ndiyo iliyolitoa trekta la Cub Cadet mwaka 1961. Wakati huo wenzao walikuwa wengi. Gravely walitengeneza matrekta ya kutembea nyuma yake huko Dunbar, West Virginia. Wheel Horse walikuwa South Bend, Indiana. Simplicity na Bolens wote walikuwa katika mji mmoja wa Port Washington, Wisconsin. John Deere waliingia mwaka 1963 na trekta lao lililoitwa 110.

Basi, hapo ndipo ilipo shida ya mtafutaji wa leo. Nyingi za kampuni hizo zimepita katika mikono mingine. Cub Cadet iliuzwa kwa MTD mwaka 1981, Gravely ikaenda kwa Ariens mwaka 1982, na Wheel Horse ikanunuliwa na Toro mwaka 1986. Mwenye duka aliyeuza mundu mpya mwaka 1965 huenda hayupo tena, wala vipuri vyake havimo tena katika orodha. Mundu utakaopatikana ni ule uliolala mahali fulani kwa miaka mingi.

VIUNGO VYA MUNDU

Kabla mtu hajatoka kwenda kutafuta, yampasa avijue viungo vya chombo anachokitafuta, asije akanunua nusu akidhani ni kizima.

Kiungo cha kwanza ni mkono wa kukatia, yaani chuma kirefu kinacholala kando ya trekta au mbele yake. Mbele ya mkono huo vimefungwa vidole. Kila kidole kina ncha ya kuyagawa majani na upenyo wa kupitisha kisu, na katika vidole vingi ndani yake mna kibamba cha chuma kigumu chenye makali. Kibamba hiki husahauliwa sana. Watu hunoa kisu mpaka kikang'aa, kumbe kibamba kimeviringika kama kokoto. Mkasi wenye ubapa mmoja mkali na mwingine butu haukati kitambaa, na mundu hali kadhalika.

Kiungo cha pili ni kisu chenyewe. Kisu si kipande kimoja. Ni ufito wa chuma ambao juu yake yamepigiliwa kwa ribiti meno ya pembe tatu, moja baada ya jingine. Katika miundu mingi jino moja lina upana wa inchi 3, na vidole navyo hupishana kwa inchi 3.

Kiungo cha tatu ni vibano, ambavyo hukikandamiza kisu kutoka juu ili kilale juu ya vibamba. Kiungo cha nne ni viatu viwili, cha ndani na cha nje, ambavyo huteleza juu ya ardhi na kuamua majani yakatwe kwa urefu gani. Kwenye kiatu cha nje hufungwa ubao unaoyasukuma majani yaliyokatwa kuelekea ndani, ili safari ifuatayo gurudumu na kiatu vipite mahali palipo wazi.

Kiungo cha mwisho ndicho roho ya mashine: kombo pamoja na fimbo yake ya kusukumia. Kombo huzungushwa na ukanda utokao kwenye injini, nayo fimbo huugeuza mzunguko huo kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Katika mashine nyingi za zamani fimbo hii ilikuwa ya mti mgumu, wala haikuwa hivyo kwa sababu ya umaskini. Mti hunywa mshtuko, na kisu kikikwama juu ya waya, fimbo ya mti huvunjika kwanza na kukiokoa chuma cha thamani.

KUTAFUTA

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Miundu ya namna hii hupatikana katika minada ya mashamba, pale ambapo mzee amefariki au ameuza shamba. Katika yadi za vyuma vikuukuu. Katika maonyesho ya mashine za kale, ambapo watu huleta vipuri na kuvitandaza chini. Na mara nyingi katika kibanda cha jirani, nyuma ya marobota na mapipa.

Mtafutaji mwerevu hupeleka vitu vitatu: futi ya kupimia, picha ya sehemu ya mbele na ya tumbo ya trekta lake, na namba zilizogongwa katika kibati cha trekta. Kitabu cha vipuri cha zamani kikipatikana, ni bora zaidi, kwani michoro yake huonyesha kila kishikizo na kila bolti.

Jambo moja lapaswa kukumbukwa. Rangi si ushahidi. Kampuni ya Haban ya Racine, Wisconsin, ilitengeneza miundu kwa ajili ya matrekta ya majina mbalimbali, na mkono ule ule waweza kuonekana mwekundu hapa na wa manjano kule. Kwa hiyo mtu asiukatae mundu kwa sababu ya rangi yake, wala asiununue kwa sababu ya rangi yake. Linalotofautiana hasa ni vishikizo: vile vyuma vinavyouunganisha mundu na fremu ya trekta, pamoja na gurudumu la ukanda na mkono wa kuinulia.

Na uchukuliwe mfano wa kijana aliyefika kwa mzee mmoja mwenye mundu wa kuuza. Kijana akauona mkono umeegemezwa ukutani, vidole vyote vipo, kisu kipo, akafurahi mno.

"Mzee, huu nitauchukua leo hii," akasema.

"Trekta lako ni la namna gani, kijana wangu?"

"Ni Wheel Horse, Mzee."

"Na vishikizo vyake unavyo?"

"Vishikizo gani?"

Mzee akacheka kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, huo mkono ningeweza kukuuzia sasa hivi, nawe ungekwenda ukauegemeza kwenye ukuta wako kama ulivyoegemea kwenye ukuta wangu. Njoo kwanza tufukue kile kisanduku kule pembeni."

Mzee huyo alikuwa mwungwana. Si wauzaji wote walivyo hivyo. Meno, ribiti na hata vidole vya kawaida vingali vyapatikana katika maduka ya vipuri vya mashine za majani, kwa kuwa mashine kubwa huvitumia mpaka leo. Lakini kishikizo kilichotengenezwa kwa trekta la namna moja, miaka sitini iliyopita, hakiuzwi dukani. Asiyekipata itampasa aende kwa mhunzi akakichongeshe, na gharama yake yaweza kuupita mundu wenyewe. Kwa hiyo neno la kwanza la kumwuliza muuzaji lisiwe bei. Liwe hili: "Vishikizo vyote vipo?"

Baada ya hapo ndipo mnunuzi auchungulie mundu kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha kuona kama umepinda. Akitikise kichwa cha kisu pale kinapoungana na fimbo. Kikicheza sana, kimelika. Azungushe kombo kwa mkono na kusikiliza beringi. Ahesabu vidole vilivyovunjika. Kutu ya juu si neno, hutoka. Mkono uliopinda na kichwa kilichopasuka ni mambo mazito.

KUTENGENEZA

Mundu ukifika nyumbani, usifungwe upesi katika trekta. Haraka haraka haina baraka. Uwekwe juu ya meza imara, kisu kitolewe, na vyote viwili visafishwe kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Anayefanya kazi hii avae glavu za ngozi, kwani hata jino lenye kutu hukata.

Jino lililovunjika au kulika mpaka likawa jembamba halifai kunolewa, bali libadilishwe. Kazi hii wazee waliifanya bila kutoboa kwa mashine. Ufito wa kisu hubanwa katika jiliwa, meno yakielekea chini na ukingo wa nyuma wa jino ukitokeza juu kidogo. Kisha ukingo huo hupigwa kwa nyundo, pigo la nguvu na la moja kwa moja, na ribiti hukatika. Vipande vilivyobaki husukumwa nje kwa tindo butu. Jino jipya huwekwa, ribiti mpya hupitishwa, na kichwa chake hugongwa juu ya chuma kizito hata jino lisicheze kabisa. Kabla ya kununua, jino la zamani lipimwe upana wake, na nafasi iliyo kati ya matundu yake mawili. Liko jino lifananalo na jingine kwa macho lakini matundu yake hayalingani.

Meno mazima hunolewa kwa tupa au kwa jiwe, kwa kuufuata mteremko ule ule uliotoka kiwandani. Yule anayenoa mpaka makali yakawa membamba kama wembe amejidanganya, kwa sababu makali hayo huvunjika katika saa ya kwanza. Meno yenye mikwaruzo kama msumeno katika makali yake hayanolewi juu ya ile mikwaruzo.

Kisha vije vidole. Vyote vitazame mbele kwa usawa, na vibamba vyake viwe katika mstari mmoja. Mtu huchungulia kutoka mwisho wa mkono kama fundi seremala achunguliavyo ubao. Kidole kilichoinama au kuinuka hurudishwa kwa nyundo, polepole. Visiporekebishwa vidole kwanza, hakuna maana ya kurekebisha vibano, kwani kisu kitakandamizwa juu ya mlima na bonde.

Vibano navyo vigongwe kidogo kidogo hata nafasi iliyobaki juu ya kisu iwe nyembamba kama karatasi nene. Nafasi ikizidi, jani hukunjika kati ya jino na kibamba badala ya kukatika. Nafasi ikiwa haipo kabisa, kisu hushika moto. Dalili ya kazi njema ni hii: kisu kikipakwa mafuta, mtu mmoja aweza kukivuta na kukisukuma kwa mkono mmoja, pasipo kutumia nguvu nyingi na pasipo kusikia kikigonga.

KUFUNGA

Sasa mundu waweza kupelekwa kwenye trekta. Trekta lisimame mahali palipo sawa, matairi yawe na upepo wa kutosha, na waya wa plagi uwe umetolewa ili injini isije ikawaka kwa bahati mbaya.

Jambo la kwanza ni magurudumu ya ukanda. Yale mawili, la injini na la kombo, yakae katika mstari mmoja. Ubao ulionyooka ukiwekwa kando yake uguse yote mawili. Ukanda unaokwenda upogo hulika siku chache tu. Ukaze ukanda kiasi cha kutosha usiteleze, lakini usikazwe mpaka ukavuta beringi.

Jambo la pili ni kasi. Na iangaliwe hesabu hii. Injini izungukayo mara 3,600 kwa dakika, yenye gurudumu la ukanda la inchi 3, ikiendesha gurudumu la kombo la inchi 12, kombo itazunguka mara 900. Kila mzunguko ni kwenda na kurudi, basi kisu kitakata mara 1,800 kwa dakika. Trekta likienda maili 3 kwa saa, litasogea kama inchi 1¾ kwa kila mkato mmoja, na jino litayafikia majani yote bila kuyaruka.

Mtu asiyefikiri huenda akaona gurudumu la inchi 6 likiwa limelala karibu, akalifunga kwenye injini mahali pa lile la inchi 3. Kombo sasa itazunguka mara 1,800. Atadhani amepata mashine yenye kasi. Lakini kisu ni chuma kizito kinachosimama na kugeuka mara mbili katika kila mzunguko, na kasi ikiongezwa mara mbili, nguvu ya kutikisika huongezeka mara nne. Fimbo itavunjika, kichwa cha kisu kitapasuka, na huenda fremu ya trekta lenyewe ikaingia ufa. Kwa hiyo magurudumu ya asili yatafutwe pamoja na mundu, au vipimo vyake vifuatwe.

Jambo la tatu ni ulinganifu wa meno na vidole. Kombo izungushwe kwa mkono mpaka kisu kifike mwisho wa safari yake upande mmoja. Hapo katikati ya kila jino pawe sawasawa na katikati ya kidole. Izungushwe tena mpaka mwisho wa upande wa pili. Iwe vivyo hivyo. Kama meno yamepita upande mmoja na kupungua upande mwingine, urefu wa fimbo urekebishwe, au mkono wote usogezwe. Mashine isiyolingana hukata upande mmoja vizuri na kutafuna upande wa pili, na mwenyewe hubaki akilaumu makali.

Jambo la nne ni lile ambalo watu wengi hawalijui. Katika mundu ulalao kando ya trekta, ncha ya nje haipasi kuwa sawa na ncha ya ndani. Yapasa itangulie mbele kidogo, kama robo inchi kwa kila futi ya mkono. Mkono wa futi 4 utangulie kwa inchi 1. Sababu yake ni nyepesi. Mashine ikiingia majanini, majani huusukuma mkono nyuma, na ule ulegevu mdogo wa viungo vya zamani hujikusanya wote katika ncha. Mkono uliotangulia hurudi ukawa sawa, nacho kisu kikaenda katika mstari mmoja na fimbo yake. Mkono usiotangulia hurudi nyuma kupita kiasi, kisu kikasuguana na vidole, na mashine ikaanza kulia. Mtu anapopima, auvute mkono nyuma kwanza, ulegevu uishe, ndipo apime.

Mwisho, kitazamwe kile kifungo kinachouachia mkono urudi nyuma unapogonga kisiki. Katika mashine nyingi kifungo hiki hukutwa kimeshikana kwa kutu, au kimefungwa kwa waya na mtu aliyechoka kuurudisha mkono mahali pake. Waya huo ukatwe. Kifungo kilicholegea kupita kiasi husumbua, lakini kilichokazwa daima huvunja mashine.

VIDOLE VYA CHUMA NA VIDOLE VYA MTU

Mabibi na Mabwana, mambo yote yaliyotajwa hadi hapa ni hasara ya fedha na ya wakati. Lakini liko jambo moja lililo hasara ya mwili. Mundu wa mashine hauna kifuniko. Meno yake yako wazi kwa urefu wote wa mkono, nayo hayachagui kati ya bua la majani na kidole cha mwanadamu.

Ajali nyingi hutokea mundu unapoziba. Mwendeshaji hushuka, injini ingali inanguruma, akainama kulitoa fundo la majani. Fundo likitoka, kisu kilichokuwa kimezuiwa huruka ghafula. Hata injini ikiwa imezimwa, ukanda uliovutika waweza kukisukuma kisu safari moja, na safari moja yatosha. Basi sheria ni hii, nayo haina udhuru: injini izimwe, waya wa plagi utolewe, na majani yaondolewe kwa kijiti, si kwa mkono.

Kadhalika, kabla ya kukata, mwenye shamba alitembee shamba lote kwa miguu. Aondoe waya, mawe na mambo ya miti. Atazame kama mna viota vya ndege au wanyama wachanga waliofichwa na mama yao, kwani mnyama mchanga hakimbii mashine, bali hujilaza chini zaidi. Watoto na mbwa wabaki nyumbani. Mundu ukiwa njiani kwenda na kurudi, mkono uinuliwe na kufungwa, na ubao uwekwe juu ya meno. Na kwa kuwa uzito wa mkono huvuta trekta upande mmoja, mwendeshaji asiende katika mteremko mkali ambao asingeuendea bila mundu.

SIKU YA KWANZA SHAMBANI

Siku ya kwanza isiwe siku ya kazi kubwa. Kisu kipakwe mafuta, injini iwashwe, na mundu uendeshwe polepole mahali penye majani machache. Baada ya dakika chache uzimwe, na mtu aguse beringi kwa tahadhari aone kama zina moto, akaze na bolti zote. Bolti zilizolala miaka arobaini hulegea zote katika saa ya kwanza. Kisha arudi aingie katika majani marefu.

Kama kazi ilifanywa vizuri, hakuna kelele nyingi. Kinachosikika ni mlio mmoja wa haraka, kama wa cherehani kubwa, na majani husimama kidogo yakiwa yamekwisha katwa, kisha hulala yote kwa pamoja nyuma ya mkono. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa katika nyanda za juu za Kenya atalifahamu jambo hili bila kuelezwa: majani yaliyokatwa kwa wakati wake, yakakaushwa na kuwekwa pakavu, ni maziwa ya miezi ijayo.

Wako wanaosema kwamba mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa mtu anayetafuta kisingizio cha kutolima. Lakini yule anayekipima chombo chake kwa futi, akakinoa, akakilinganisha, na kukiogopa inavyostahili, hajachagua jembe kwa uvivu. Amelitengeneza jembe lililotupwa na wengine, nalo litamlishia mifugo yake wakati wa baridi, na jioni atarudi nyumbani akiwa na vidole vyake vyote kumi.